Pink Floyd, Os Mutantes au MGMT: mgeni wa pop ya saikedelia aanze na albamu ipi?

Santuri_Kuukuu (mleta mada)
Wakuu, mdogo wangu ni mtu wa pop ya kawaida, ile ya kiitikio kinachokaa kichwani, na sasa anataka kuonja saikedelia, ule muziki wa sauti za ajabuajabu kama ndoto. Nimebakiwa na albamu tatu, kila moja ikiwa ya kwanza kwa bendi yake: The Piper at the Gates of Dawn ya Waingereza Pink Floyd (1967), Os Mutantes ya Wabrazili wenye jina hilohilo (1968) na Oracular Spectacular ya MGMT (2007). Sitafuti iliyo kubwa kihistoria. Natafuta ile atakayoirudia mwenyewe bila kusukumwa. Naegemea Os Mutantes, ila leteni hoja.

Fundi_Besi
MGMT, sina hata haja ya kusita. Vibao vilivyowatoa, Time to Pretend, Electric Feel na Kids, vyote vimo kwenye nyimbo tano za mwanzo. Mapigo ya Electric Feel yanahesabika sita sita badala ya nne nne, na bado watu wanaicheza bila kugundua. Ile melodia ya kinanda ya Kids mtu anaishika kwa kuisikia mara moja. Halafu kuna mkono wa prodyuza Dave Fridmann, yuleyule wa bendi ya The Flaming Lips: ngoma zinapigwa mpaka sauti inachanika kidogo pembeni. Mgeni anapata ukali wa saikedelia bila kuondolewa kwenye muziki anaoujua.

Bi_Kinanda
Fundi, na nusu ya pili je? Baada ya Kids albamu inageuka kabisa, viitikio vinajificha, na aliyefuata vile vibao anaachwa njiani. Mimi naipenda hiyo nusu, tena sana, lakini mleta mada kauliza kuhusu mgeni.

Kura yangu ni Piper. Nyimbo karibu zote ni za Syd Barrett, na watu wanasahau kwamba alikuwa mtunzi wa pop hasa. Msikilizeni kwenye wimbo Bike: baiskeli, joho, panya mzee asiye na nyumba, kila ubeti unakwenda na kiitikio kifupi chenye utamu wa wimbo wa watoto. Ghafla wimbo unaisha, mnaingia chumba cha saa zinazogonga, na mwishowe kicheko kama cha bata kinachojirudiarudia. Vitisho na utoto mahali pamoja. Barrett aliondoka kwenye bendi 1968, na Pink Floyd ya baadaye haikurudi tena kwenye kona hiyo.

Mzee_wa_Sterio
Bi Kinanda, umeruka Interstellar Overdrive, wimbo wa humohumo kwenye Piper. Karibu dakika 10 bila kuimba! Mpenda viitikio atavumilia? Albamu naiheshimu mno, ila ule ni ukuta katikati ya njia.

Santuri_Kuukuu
Hapo ndipo na mimi ninapokwama na Piper. Ngoja niwaeleze kwa nini Os Mutantes.

Hawa walikuwa vijana watatu wa São Paulo: Rita Lee na ndugu wawili, Arnaldo Baptista na Sérgio Dias. Kaka yao mwingine, Cláudio César, ndiye aliyekuwa akiwatengenezea vifaa vya gitaa, na ndiyo maana gitaa la Sérgio linakwaruza namna ambayo hulisikii kwa Waingereza. Wimbo wa kwanza, Panis et Circenses, ni utunzi wa Gilberto Gil na Caetano Veloso. Unaanza na matarumbeta ya heshima, sauti zinapangana vizuri, kisha katikati muziki unazama na kusimama, unadhani santuri imechomolewa umeme. Kimya kidogo, halafu wanaendelea. Mwishoni unasikia watu mezani, vyombo vinagongana, wanapitishiana chakula.

Wa pili ni A Minha Menina wa Jorge Ben: makofi, gitaa la kukwaruza, kiitikio cha kuimba na wenzako. Mdogo wangu hajui Kireno hata neno, lakini kile kiitikio kitamnasa. Na Bat Macumba, maneno yake yanapunguzwa silabi moja moja hadi inabaki moja tu, kisha yanajengwa upya. Ni mchezo ambao sikio lolote linaufuata.

Fundi_Besi
Mkuu, hoja ya Bat Macumba imeniingia. Hata hivyo usifanye albamu hii ionekane ni michezo mitupu. Brazil ilikuwa chini ya wanajeshi tangu 1964, na mwishoni mwa 1968 hiyohiyo Gil na Veloso walikamatwa, baadaye wakaishia uhamishoni London. Kucheka kwa sauti vile, wakati ule, kulihitaji moyo.

Bi_Kinanda
Kweli kabisa. Na mtu hahitaji kuijua siasa hiyo ili aipende albamu, ila akiijua, yale matarumbeta ya mwanzo anayasikia tofauti.

Bado natetea Piper kama albamu ya pili. Akishazoea Wabrazili kusimamisha wimbo katikati, Bike haitamshtua.

Mzee_wa_Sterio
Naunga mkono mpangilio huo, MGMT aifikie mwenyewe. Ila kwa Piper hakikisha ni toleo la Uingereza lenye nyimbo 11. Toleo la Marekani la 1967 lilianza na See Emily Play na likaziacha nje Astronomy Domine, Flaming na hiyo Bike. Na avae hedifoni: kwenye sterio, mwisho wa Interstellar Overdrive sauti inahama sikio hadi sikio, na hapo zile dakika 10 zinaanza kuwa na maana.