Mjadala: Takwimu za umma zichapishwe kwa jedwali pana au refu?

Mleta mada:
Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Ofisi inayotoa takwimu kwa wananchi izitoe kwa sura gani? Nyingi hutoa jedwali pana: jina la shule kushoto, kisha kolamu mbili mbili zinafuatana, "Waliosajiliwa 2019", "Waliofaulu 2019", "Waliosajiliwa 2020", "Waliofaulu 2020", hivyo hivyo hadi 2022. Mimi nasema zitolewe kwa jedwali refu: kila shule na kila mwaka mstari wake, kolamu nne basi, yaani shule, mwaka, waliosajiliwa, waliofaulu.

Wiki iliyopita nilipakua faili ya namna hiyo. Hata grafu ya miaka minne sikuweza kuichora, maana mwaka haukuwa na kolamu yake. Ulikuwa umefungiwa ndani ya vichwa vinane. Nikaingia Power Query, zana ya Excel ya kupanga upya data, nikakunjua kolamu za waliosajiliwa zigeuke mistari, kisha nikakunjua za waliofaulu. Hapo ndipo nilipoharibu. Mkunjuo wa kwanza uliipa kila shule mistari minne. Wa pili ukaichukua ile minne na kuuzalisha kila mmoja mara nne. Mistari 16 kwa shule moja: minne ya kweli, 12 ya uongo, waliosajiliwa wa 2019 wameoanishwa na waliofaulu wa 2022. Programu haikutoa onyo lolote. Nilishtuka tu nilipoona shule imesajili 60 na kufaulisha 71. Bila mstari ule nisingegundua, na jumla ya waliosajiliwa ningeitangaza mara nne ya ilivyo.

Njia sahihi ipo. Unakunjua kolamu zote nane kwa pamoja, unapata mistari minane kwa shule. Kilichokuwa kichwa sasa ni maandishi ndani ya seli, "Waliofaulu 2021". Unayakata penye nafasi: kipande kimoja kipimo, kingine mwaka. Kisha kolamu ya kipimo unairudisha juu iwe vichwa viwili, inabaki mistari minne. Wanaotumia lugha ya programu ya R wana pivot_longer, wa pandas, maktaba ya lugha ya Python, wana wide_to_long, amri moja inamaliza. Lakini kwa nini mwananchi alazimike kujua haya? Ofisi ndiyo inayojua kipi kinakwenda na kipi. Izikunjue jozi zake yenyewe, mara moja.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, uchungu wako nauelewa ila sikubaliani nawe. Jedwali linasomwa na watu kabla ya kompyuta. Mwalimu mkuu anataka aione shule yake kwenye mstari mmoja, jicho litoke 2019 lifike 2022. Na karani anayejaza je? Kwenye pana anaandika jina la shule mara moja. Kwenye refu ni mara nne, na mara ya tatu atakosea herufi, shule moja igeuke mbili. Halafu urefu nao una maafa yake. Uingereza mwaka 2020 waliotambuliwa kuwa na Korona 15,841, kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba, hawakuingia kwenye hesabu za kila siku, kwa sababu faili za XLS, muundo wa zamani wa Excel, zilijaa. Muundo ule unaishia mistari 65,536, na kila mgonjwa alikuwa anachukua mistari kadhaa.

Mchangiaji wa pili:
Mimi niko na mleta mada, na yeye alibahatika, mwaka ulikuwa ndani ya kila kichwa. Mara nyingi mwaka huandikwa juu ya seli mbili zilizounganishwa. Excel inauweka kwenye seli ya kushoto peke yake, ya kulia inabaki tupu. Ukiipeleka Power Query, "Waliofaulu" zote hazina mwaka. Inabidi ulipindue jedwali zima, mistari iwe kolamu, ujaze mapengo kwenda chini, uunganishe mwaka na kipimo, ulipindue tena. Na hapo kazi yenyewe hujaianza.

Mleta mada:
Mchangiaji wa kwanza, kuhusu karani umesema kweli. Ajaze pana, sina ubishi. Ninachozungumzia ni kinachochapishwa. Mwalimu mkuu naye ana haki ya jedwali lake, lakini kutoka refu kwenda pana ni mibofyo michache, na hakuna cha kukisia kwa sababu kila namba imekaa na mwaka wake. Kinyume chake ndicho kinachomtaka mtu akisie jozi.

Kuhusu Uingereza, kilichowaangusha ni muundo wa zamani. XLS ina kolamu 256 tu. Weka jozi ya kolamu kwa kila siku uone, haimalizi hata miezi mitano. Excel ya leo ina mistari 1,048,576 na kolamu 16,384. Na CSV, yaani faili ya maandishi ambayo thamani zake hutenganishwa kwa mkato, ndiyo ningependa ichapishwe, nayo yenyewe haina kikomo cha mistari.

Mchangiaji wa tatu:
Mbona hakuna anayetaja seli tupu? Power Query ikikunjua inazitupa, na amri ya UNPIVOT ya SQL Server, programu ya hifadhidata, vivyo hivyo. Shule ambayo haikuleta taarifa ya 2020 haitakuwa na mstari wa 2020 kabisa. Kwenye pana lile pengo ningeliona. Kwenye refu lenu limefutika, na wastani wa mwaka ule unatoka kwa shule zilizoripoti tu bila msomaji kujua.

Mleta mada:
Hili limenigusa, na nimerudi kwenye faili yangu sasa hivi. Shule tisa hazina mstari wa 2020. Sikuziona.

Basi nabadilisha pendekezo langu. Kabla ya kukunjua, ofisi ijaze kila seli tupu kwa alama, tuseme "haikuripoti", na sifuri ibaki sifuri. Baada ya kukunjua, alama hiyo ihamie kwenye kolamu ya tano, hali ya taarifa, ili kolamu za namba zibaki na namba peke yake. Idadi ya mistari iwe shule mara miaka, na ofisi iiandike juu ya faili. Mchangiaji wa tatu, kwa sharti hilo bado unalitaka pana?