Macho makavu baada ya hedhi kukoma: tupeane uzoefu

Dada na mama zangu, nina miaka 54, hedhi ilikoma miaka mitatu iliyopita. Joto la usiku nililijua, mama alishanisimulia. Hili la macho hakuna aliyeniambia. Naamka kope zimegandana, ndani kama kuna mchanga, na nikipigwa na upepo machozi yananichuruzika hadi watu wanauliza nalia nini. Ndiyo maana nilichelewa kwenda hospitali: jicho linalotoa machozi nitasemaje ni kavu? Daktari akanichomekea kijikaratasi kwenye kope la chini, tukasubiri dakika 5. Kililowa milimita 4 tu. Akasema yale yanayochuruzika jicho linayamwaga kwa sababu limekereka, wala hayakai. Wenzangu, yenu yalianzaje?

*Mama Mapacha:* Pole mdogo wangu. Kwangu shida ilikuwa mafuta. Daktari alinibinya ukingo wa kope, badala ya mafuta mepesi kikatoka kitu kizito kama dawa ya meno. Machozi yakikosa mafuta juu yake hukauka upesi. Tezi za kope zinazotoa mafuta hayo hutegemea androjeni, homoni tunayoiita ya kiume ingawa na sisi tunayo, nayo hupungua umri ukienda. Sasa asubuhi na jioni naweka kitambaa cha maji ya moto kiasi, dakika 10, kikipoa nakichovya tena, kisha nakanda kope taratibu kuelekea ukingoni. Nafuu niliiona baada ya wiki sita, usikate tamaa mapema.

*Shangazi:* Mimi nilidhani vidonge vya homoni nilivyopewa kwa ajili ya joto vitatibu na macho. Yakazidi! Kuna utafiti wa Marekani wa 2001, wanawake zaidi ya 25,000: waliotumia estrojeni peke yake, uwezekano wa macho makavu ulikuwa juu kwa asilimia 69 kuliko wasiotumia; walioichanganya na projesteroni, 29. Sikuviacha, maana sasa nalala. Ila nilimweleza daktari, na wewe mweleze.

*Bibi K:* Matone ya kuondoa wekundu yaacheni jamani. Yalinirudishia wekundu maradufu. Natumia machozi bandia yasiyo na kihifadhi, ile kemikali ya kuzuia vijidudu kwenye chupa, kwa sababu natia zaidi ya mara 4 kwa siku, na kikizidi hukera jicho.

*Mwalimu Mstaafu:* Na mdomo ukikauka pamoja na macho, viungo vikauma, usiseme ni umri. Mimi nilisema hivyo miaka miwili, kumbe ni Sjögren, kinga ya mwili inashambulia tezi za machozi na mate.

*Mwanzisha uzi:* Mwalimu, mdomo wangu unakauka usiku. Kesho narudi kwa daktari.