Ukoo wa Mzee Mbaruku: pedi ya zamani, laptopu mpya

Twaha: Asalaam alaykum ukoo, shikamooni wakubwa. Kaka Idi upo? Pedi yangu ya USB ya kuchezea gemu inacheza PES 2013, ile ya mpira, bila shida, ila hii gemu mpya niliyoweka kwenye laptopu haiitambui. Hata kitufe kimoja hakiitiki. Windows 11.

Shangazi Mwanaidi: Waalaykum salaam, marahaba. Matokeo ya mock je, umeshayaleta?

Twaha: Shangazi 😅 yanakuja

Idrisa: Twaha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, piga enta. Pedi imo?

Twaha: Imo. Nikifungua sifa zake na kubonyeza vitufe, namba zinawaka nyekundu.

Idrisa: Basi pedi nzima na kompyuta inaiona. Tatizo liko kwa gemu. Pedi kama hiyo inapita DirectInput, njia ya miaka ya 90. Kila kitufe ni namba tu, 1, 2, 3, gemu haijui kipi cha shuti kipi cha pasi. Ndiyo maana PES inakupa settings.exe upange mwenyewe. Mwaka 2005 Microsoft walivyotoa Xbox 360 wakaja na XInput: A, B, X, Y, mpangilio mmoja kwa pedi zote. Gemu nyingi za sasa zinasikiliza XInput peke yake. Yako kwao ni sawa na hujachomeka kitu.

Ba'mdogo Shaabani: Si ilikuja na kisidii kidogo? Aweke ile draiva, programu ya kuitambulisha pedi kwa kompyuta.

Idrisa: Shikamoo Ba'mdogo. Kile ni cha mtetemo tu, na kiliandikwa enzi za Windows XP. Windows 11 ni ya biti 64 tupu, draiva ya biti 32 haiingii. Hata ikiwa ya 64, bila saini ya kidijitali inakataliwa. Kiwekee kikombe cha chai.

Ba'mdogo Shaabani: Marahaba 😂

Idrisa: Twaha, una Steam, ile programu ya kununulia na kufungulia gemu?

Twaha: Ninayo

Idrisa: Nenda kwenye setingi zake, sehemu ya kontrola, ruhusu Steam Input kwa pedi zisizo na jina. Itakuuliza kitufe kimoja kimoja, wewe bonyeza inachotaka. Kisha ongeza hiyo gemu kwenye orodha kama gemu isiyo ya Steam, na uifungulie humohumo ndani ya Steam. Ukiifungulia nje hutapata kitu. Steam inasimama katikati, inaiambia gemu "hii ni pedi ya Xbox".

Nassor (Muscat): Mimi nilitumia programu ya x360ce kwa kazi hiyohiyo

Idrisa: Inafanya pia, hasa kama huna Steam. Ila ichukue kwenye tovuti yake yenyewe, siyo kwenye kurasa zenye vitufe kumi vya "pakua" ambavyo tisa ni virusi. Na gemu za mtandaoni zenye ulinzi dhidi ya wachezaji wadanganyifu zinaweza kukufukuza. Mimi ningeanza na Steam.

Shangazi Mwanaidi: Jamani, mchango wa harusi ya Saumu mwisho Jumapili. Naona kimya.

Nassor (Muscat): Natuma leo Shangazi

Twaha: Kaka Idi IMEKUBALI 🔥 Lakini mchezaji ama anasimama ama anatimka mbio, kutembea hamna. Na fimbo ya kulia inapiga pasi.

Idrisa: Taa nyekundu ya katikati ya pedi inawaka?

Twaha: Haiwaki

Idrisa: Bonyeza kitufe cha Analog kwenye pedi. Ikizimwa, fimbo zinageuka vitufe vya kawaida. Ukiiwasha pedi inatuma vitu tofauti, kwa hiyo rudia kupanga upya Steam. Kila ukichomeka, taa kwanza.

Twaha: Nimerudia. Sasa safi kabisa

Ba'mdogo Shaabani: [picha] Na joistiki hii je? Nimeitoa darini. Nilirushia ndege za gemu kwenye kompyuta ya Pentium kabla Twaha hajazaliwa.

Nassor (Muscat): Plagi si ya monita hiyo Ba'mdogo?

Ba'mdogo Shaabani: Ya monita pini zake 15 zimepangwa safu tatu. Hii 15 kwa safu mbili. Ilikuwa inachomekwa nyuma, kwenye kadi ya sauti.

Nassor (Muscat): Huku naona adapta za kwenda USB, bei ya shawarma. Nilete?

Idrisa: Ngoja kwanza. Adapta nyingi za bei hiyo ni waya mtupu ndani. Zilitengenezewa joistiki chache zinazojua lugha zote mbili, ya plagi hiyo ya zamani na ya USB, kama baadhi ya SideWinder za Microsoft. Ya Ba'mdogo ni analogi halisi: ndani kuna volyumu mbili za kilo-omu 100, kama ile ya redio. Haina chipu. Zamani kompyuta ilikuwa inapima muda kapasita inavyojaa kupitia hizo volyumu, ndiyo inajua fimbo iko wapi.

Ba'mdogo Shaabani: Ndiyo maana kila gemu ya DOS ilikuwa inaniambia nizungushe fimbo kona zote kabla ya kuruka! Na ukibadilisha kompyuta unaanza upya.

Idrisa: Hasa. Mashine ikiwa na kasi nyingine, hesabu inabadilika. XP bado ilikuwa inaikubali plagi hiyo, Vista ikaja 2007 ikaiacha. Linux bado ina draiva zake, lakini lazima kompyuta iwe na tundu lenyewe, na laptopu ya Twaha haina.

Ba'mdogo Shaabani: Kwa hiyo nirudishe darini?

Idrisa: Hapana, tunatengeneza yetu. Nassor, tafuta bodi ya Arduino, kompyuta ndogo ya kuandikia programu, yenye chipu ATmega32U4, iwe Leonardo au Pro Micro. Usichukue Uno R3, haiwezi kujitambulisha moja kwa moja kama joistiki. Yenye 32U4 inasoma volyumu kisha Windows inaiona kama joistiki ya USB.

Nassor (Muscat): Pro Micro. Nimeandika. Nakuja nayo harusini.

Idrisa: Kila volyumu tutaiwekea kipingamizi (resista) kwenda ardhi, yaani waya wa GND, maana kwenye joistiki hizi kila volyumu inaleta waya mbili tu. Pini ya 1 ni volti 5, ya 4 ardhi, ya 3 na ya 6 ni fimbo, ya 2 na ya 7 ni vitufe.

Twaha: Nami nataka kuiona ikifanya kazi

Idrisa: Utashika tochi. Ba'mdogo, fimbo ikitetemeka yenyewe ujue volyumu zina vumbi, zipulizie ile dawa ya mafundi redio. Na usiamini rangi za nyaya, kila kiwanda kina zake. Pima kwa mita kabla hatujalehemu.

Ba'mdogo Shaabani: Mita ninayo, risasi ya kulehemu ninayo. Betri ya mita ndiyo imekufa.

Twaha: Ile ya volti 9? Niko dukani sasa hivi, naileta.