Tupeane uzoefu: dawa za moyo na presha zinazomkubali huyu na kumkataa ndugu yake

Mdau wa Kirumba
Wakuu, heshima kwenu. Mama yangu na mjomba, tumbo moja, wote wana presha na wote walianzishiwa enalaprili. Mjomba yuko salama kabisa. Mama akashikwa na kikohozi kikavu, usiku halali. Tukapima kifua kikuu, makohozi safi, picha ya kifua safi. Daktari mmoja kijana ndiye aliyeuliza anatumia dawa gani, akambadilishia losatani, kikohozi kikakata. Alitueleza kuwa enalaprili huzuia kimeng'enya kinachosababisha mishipa kubana, lakini kimeng'enya hicho hicho ndicho huvunja bradikinini, kemikali ya mwili, na ikirundikana kifua kinawasha. Sehemu ya tofauti kati ya mtu na mtu, alisema, iko kwenye vinasaba. Naomba waliopitia mambo kama haya waseme, kuna mtu atasaidika.

Binti wa Ukerewe
Pole kwa mama. Mimi ni mgonjwa mwenyewe. Utotoni niliugua sana koo na viungo kuvimba, ukubwani ikaonekana valvu ya moyo imeharibika. Nikawekewa ya chuma, na tangu hapo ni warfarini kila jioni ili damu isigande. Kidonge cha miligramu 5 wakati mwingine nakikata kwa wembe juu ya kisahani, halafu naandika kwenye daftari: tarehe, dozi, INR (kipimo cha damu inachelewa kuganda kiasi gani). Lengo langu ni 2.5 hadi 3.5.

Kliniki nilizoeana na mzee mmoja, mwili mkubwa, naye ana valvu kama yangu. Yeye miligramu 3 zinamtosha. Mimi mwembamba hivi sikutulia mpaka 10! Nikauliza, nikaambiwa kuna jeni mbili. VKORC1 ndiyo inayolengwa na dawa, na CYP2C9 inatoa kimeng'enya cha ini kinachoimaliza dawa mwilini. Ukirithi ini linaloimaliza polepole, dozi ndogo inatosha, na ukizidishiwa unatoka damu.

Linaloniuma ni hili. Mwaka 2013 Marekani walitoa matokeo ya jaribio la COAG, kupanga dozi kwa kusoma jeni. Wagonjwa weusi waliopangiwa hivyo walikaa ndani ya lengo muda mfupi kuliko wenzao waliopangiwa kwa umri, uzito na mengineyo. Hesabu ile haikuwa na aina za CYP2C9 zinazopatikana zaidi kwa Waafrika. Ndiyo maana watafiti wakija kuomba damu kwa maelezo ya kueleweka, mimi natoa.

Matembele sijaacha. Nakula kiasi kile kile kila wiki, kwa sababu vitamini K iliyomo, inayosaidia damu kuganda, ikipanda na kushuka INR nayo inayumba. Shida kubwa ni ziwa likichafuka, meli haiondoki, na siku ya kipimo inapita.

Mwalimu, Igoma
Mimi amlodipini. Miguu ilivimba mwanzoni, wakapunguza dozi wakaongeza dawa ya kukojoa, presha ikashuka. Baadaye nikasoma kuhusu utafiti wa CREOLE wa 2019, wagonjwa 728 katika nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo. Michanganyiko yenye amlodipini ilishusha presha vizuri kuliko ule usio nayo.

Mtu wa maabara, Nyegezi
Baba alianguka ghafla akiwa bado kijana, kwa hiyo wote nyumbani tulipima lehemu, yaani kolesteroli. Hapo nikaanza kufuatilia jeni ya PCSK9, inayochangia lehemu mbaya kubaki kwenye damu. Watafiti Helen Hobbs na Jonathan Cohen wa Dallas, Marekani, waligundua baadhi ya Wamarekani weusi wana PCSK9 isiyofanya kazi, na mwaka 2006 wakaonyesha kuwa hatari yao ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilikuwa chini kwa asilimia 88. Zimbabwe alipatikana mama mwenye kasoro hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili, lehemu mbaya karibu haipo, na afya njema. Sindano zinazoiga hali hiyo ziliidhinishwa 2015. Ushahidi wake mwingi ulitokana na utafiti wa damu ya watu weusi, lakini bei yake bado haishikiki kwetu.

Mdau wa Kirumba
Asanteni sana. Mjomba je, aendelee na enalaprili?

Mtu wa maabara, Nyegezi
Kama presha imetulia, aendelee na kliniki yake. Ila midomo, uso au ulimi ukivimba, hata akiwa ameizoea dawa miaka mingi, asimeze kidonge kingine, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo na mwende na paketi ya dawa mkononi. Uvimbe huo ni nadra, lakini watu weusi unatupata zaidi.