Niko na pesa ya mtihani mmoja tu: CCNA, Network+ ama MTCNA?

Waya_wa_Pipeline:
Wadau habari za jioni. Naomba ushauri kwa wale wako ndani ya hii kazi ya mitandao hasa hapa Nairobi. Niko na diploma ya ICT na saa hii nafanya na kampuni ndogo ya intaneti huku Pipeline, kazi yangu ni kupanda maghorofa, kuvuta waya, kufunga rauta kwa nyumba ya mteja, na mteja akilalamika narudi tena. Ile ya kuingia kwa rauta kubwa na kupanga IP (anwani za mtandao) hufanywa na jamaa mmoja tu, mimi huangalia nikiwa nyuma yake. Nataka kutoka huko juu ya paa nikae kwa meza ya ufundi wenyewe.

Nimeweka akiba pole pole na inatosha mtihani mmoja, wa pili utangoja sana juu kuna mdogo wangu namlipia shule. Wengine wananiambia nianze na Network+ (cheti cha CompTIA) juu ni rahisi, wengine wanasema bila CCNA (cheti cha Cisco) hakuna mtu atasoma CV yako, na boss wangu anasema nifanye MTCNA, cheti cha MikroTik, juu rauta na vifaa vyetu vyote ni vya kampuni hio. Sasa swali langu, ugumu uko wapi hasa na ni gani itanifungulia mlango hapa Nairobi? Hesabu si mbaya, nikipewa muda nashika.

Zamu_ya_Usiku:
CCNA. Mimi niko kwa chumba cha kuangalia mtandao, zamu za usiku, na matangazo ya kazi ya kiwango chetu nayasoma kila wiki juu ndugu zangu hunituma. Neno CCNA liko karibu kila mahali, Network+ unaiona mara moja moja, na mara nyingi wanaandika "ama inayolingana". Hio Network+ ina nguvu sana Marekani, huko kuna kazi za idara ya ulinzi ambazo zinaitambua rasmi kwa orodha yao, ndio maana ukisoma ushauri wa watu wa huko unaona wakiisifu. Sisi hatuna hio orodha.

Mwalimu_Swichi:
Waya, wacha nikueleze ugumu vile uko juu watu husema "ngumu" na "rahisi" bila kufungua.

Network+ ya sasa, N10-009, ni dakika 90 na maswali yasiyozidi 90, unahitaji 720 kwa kipimo cha 100 hadi 900. Haijafungwa kwa vifaa vya kampuni moja, kwa hivyo inakuuliza kitu kinafanya nini na tatizo kama hili ungeanza wapi. Ni pana lakini haichimbi. Na swali likikusumbua unaliwekea alama unarudi baadaye.

CCNA 200-301 ni dakika 120, na hapo ukishabonyeza kuendelea hakuna kurudi nyuma, hio peke yake imetesa watu wengi. Sehemu kubwa zaidi ni ya kusafirisha pakiti (vipande vya data), asilimia 25, yani njia unazoandika kwa mkono na OSPF, ambayo rauta hutumia kujitafutia njia. Halafu kuna maswali ya kuandika amri zenyewe, unapewa rauta na swichi na unaambiwa zifanye ziongee, hapo kukariri hakusaidii. Kukata sabneti, yani kugawa mtandao vipande vidogo, lazima ifanyike kichwani. Mfano, kompyuta iko 192.168.10.77/26, iko mtandao gani? Hio /26 inaonyesha ukubwa wa kipande, nayo inaruka kwa 64, kwa hivyo mtandao unaanza 192.168.10.64, anwani ya kutangazia wote ni .127, na kompyuta zinakaa .65 hadi .126. Ikikuchukua zaidi ya nusu dakika bado hujaiva kwa CCNA. Jaribu hii uniletee jibu hapa: 172.16.5.200/27.

Bei, CCNA ni dola 300, kwa dola ya saa hii hio ni karibu elfu 39 kabla ya kodi. Network+ pia si ya bei rahisi. Ndio maana nasema kama pesa ni ya mmoja usiitumie kwa ile ya kujiandaa, soma mambo ya Network+ bure halafu ukalipie CCNA.

Rauta_Kayole:
Naheshimu waliotangulia lakini nyinyi mnamjibu mtu wa ofisi za Westlands na huyu ako Pipeline. Mtandao wa mtaa unaendeshwa na MikroTik, ukienda Kayole, Umoja, Githurai, ni hio tu. Wateja wanaingia kwa PPPoE (kila mmoja na jina na neno lake la siri), spidi unamkatia kila mtu kwa foleni yake, hotspoti ya kulipia na M-Pesa iko juu ya rauta hio hio. Mtu anayejua hayo hapa mtaani hakosi kazi, na akitaka anafungua yake, bora apate leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano.

MTCNA ni maswali 25 kwa saa moja, unapita na asilimia 60, na ukipata kati ya 50 na 59 unapewa nafasi nyingine hapo hapo. Ila huwezi kwenda kufanya mtihani peke yako, lazima ukae darasa la mkufunzi anayetambuliwa na MikroTik, kwa hivyo bei inategemea mkufunzi. Boss wako akikubali kulipa nusu usikatae.

Dada_wa_Trunki:
Mimi hukaa upande wa kuuliza maswali kwenye intaviu, kwa hivyo nitaongea hapo tu. CCNA inanifanya nikuite. Haikupatii kazi. Ukifika nakuwekea swichi mbili na laptopu mbili mezani, laptopu moja haipati IP, nakuambia tafuta. Nimeficha kitu kidogo, VLAN 20 (mtandao mdogo ndani ya swichi) haijaruhusiwa upande mmoja wa trunki, ile laini inayounganisha swichi mbili. Kuna watu wana cheti kipya kabisa na mkono wa kwanza unaenda kuzima na kuwasha swichi. Na kuna kijana alikuja hana cheti, amefanya kazi ya kuvuta waya kama wewe, akaangalia taa, akauliza laptopu iko poti gani, akaandika show vlan brief, kisha show interfaces trunk, akanyamaza kidogo akasema "hapa 20 haipo". Huyo tulimchukua na CCNA akaifanya akiwa kazini.

Kwa hivyo Waya, hio miaka yako ya paa usiione ndogo. Kwa CV andika umefunga nini, umbali gani, hitilafu gani umetatua. Wengi wanaandika tu "teknisheni".

Waya_wa_Pipeline:
Asanteni sana, kweli mmenifungua macho. Dada_wa_Trunki asante kwa hio ya CV, yangu imeandikwa hivyo hivyo, teknisheni basi. Kuna chuo hapo mjini kinasema darasa la CCNA kwa miezi mitatu na mwisho unapewa cheti, ni kile kile? Na vipi HCIA, cheti cha mitandao cha Huawei?

Mwalimu_Swichi:
Si kile kile, na hapa watu wanaumizwa sana. Cheti cha kumaliza masomo ni kimoja, cheti cha CCNA chenyewe kinatoka Cisco baada ya kufanya mtihani kwa kituo cha Pearson VUE, kampuni inayosimamia mitihani. Kabla ulipe uliza kwa maandishi kama karo ina mtihani ndani. Kama chuo ni akademia ya Cisco kweli, kuna kozi tatu, na ukifanya vizuri mwisho wa ya tatu unaweza kupata punguzo la mtihani, hio uulizie pia. Packet Tracer, programu ya kufanyia mazoezi ya mtandao, ni ya bure, usiinunue kwa mtu.

HCIA-Datacom ni nzuri kama unalenga kampuni zenye vifaa vya Huawei na hapa ziko, ila kama cheti cha kwanza bado CCNA inajulikana na watu wengi wa HR.

Zamu_ya_Usiku:
Naongeza, fanyia mtihani kituoni, si nyumbani. Stima ikipotea katikati utaanza kubishana na watu wako mbali. Na zile karatasi za maswali zinazouzwa Telegramu zikae huko, Cisco wakikushika wanafuta cheti na kukufungia. Cheti kinakaa miaka 3, panga kazi yako kwa huo muda.

Rauta_Kayole:
Mimi nakubali CCNA iwe ya pesa yako, lakini MikroTik uishike kwa mikono hapo kazini kuanzia kesho. Mwambie huyo jamaa akupatie rauta moja mbovu ya mteja, uifute yote uanze kuipanga upya, PPPoE, foleni, ukuta wa moto (firewall). Huko Luthuli mjini pia unapata zilizotumika kwa bei ya kueleweka.

Waya_wa_Pipeline:
Sawa wakuu, nitaongea na boss Jumatatu kuhusu nusu ya MTCNA na akiba yangu inaenda CCNA. Mwalimu, /27 inaruka kwa 32, kwa hivyo mtandao ni 172.16.5.192, ya kutangazia ni .223, na kompyuta .193 hadi .222?

Mwalimu_Swichi:
Sawa kabisa. Sasa kuna ofisi nne, ya kwanza ina watu 50, ya pili 25, ya tatu 10, ya nne 5, na umepewa 192.168.4.0/24 peke yake. Kata bila kupoteza, anza na kubwa.

Waya_wa_Pipeline:
Nachukua kalamu.