Naomba ushauri: dawa ya mtoto kwenye nyumba ya mavyaa

Wenzangu mnaosaidia akina mama wenye virusi vya Ukimwi, nauliza juu ya waliojifungua Likoni na Mtongwe wanaorudi kukaa arubaini ukweni, ambako hali yao haijulikani.

Vidonge vya mama si tabu sana. Ni kimoja kwa siku, na pamba kavu ndani ya chupa huzuia kelele. (Wasivihamishie kwenye nailoni tafadhali, unyevu wa pwani huviharibu.) Za kuongeza damu alizopewa kliniki asizimeze pamoja na dolutegravir (dawa iliyomo kwenye kidonge chake cha virusi) tumbo tupu, kwani madini ya chuma huizuia isiingie mwilini. Atangulize dolutegravir, muda wa saa mbili kabla ya hizo za damu, au azimeze zote na chakula.

Shida ni nevirapine ya mtoto, dawa ya maji ya kumkinga asiambukizwe. Aliyezaliwa na kilo 2.5 au zaidi hupewa mililita 1.5 kila siku kwa wiki 6 za kwanza, na kuendelea baadaye kwa kipimo kipya maadamu ananyonya. Bomba la sindano la kumpimia dawa likionekana kando ya kitanda, maswali huanza. Mama akiogopa, anaruka siku. Halafu mavyaa naye ashamtilia mtoto maji ya sukari au uji, na kuchanganya hivyo na maziwa ya mama kabla ya miezi 6 huumiza utumbo na kufungua njia ya virusi.

Kumlazimisha mama aseme hali yake siafiki, anaweza kufukuzwa. Je, mnapanga vipi saa ya dawa? Na huyo mavyaa mnamwambia nini kuhusu uji, bila kutaja virusi?