MREJESHO: Tiketi ya faini ya trafiki ya kijana wangu, simu akiendesha (California)

Habari wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza kuhusu mwanangu wa miaka 17 aliyekamatwa na simu mkononi kwenye taa nyekundu, nikauliza nilipe tu au tuipinge. Asanteni sana kwa kweli, mlinishika mkono.

Nilifuata ule ushauri wa kutoipuuza tarehe ya kwenye tiketi, tukaenda mahakamani wote wawili. Hoja ya kwamba gari lilikuwa limesimama ILIGONGA MWAMBA, hakimu alisema kusimama kwenye taa bado ni kuendesha, akamuuliza mtoto mwenyewe ulikuwa unaangalia nini, dogo akajibu meseji, basi ikaishia hapo.

Iliyosaidia ni ya yule dada aliyesema tuombe kazi za jamii badala ya hela, hakimu akakubali. Maana faini yenyewe ni dola 20 kwa kosa la kwanza ila ukijumlisha ada za mahakama inapita 150! Na kwa kuwa ni kosa la kwanza hakuna pointi (alama za makosa) kwenye leseni.

Mwenye mtoto chini ya miaka 18 huku ajue hata kutumia simu kwa blutuu akiendesha haruhusiwi, sheria ya magari kifungu 23124, mimi nilikuwa na mpango wa kumnunulia kishikio cha simu cha dashibodi nikaacha. Sasa simu inakaa kwenye buti mpaka afike.

Bima bado hawajasema kitu, tutaona wakati wa kurinyuu. Mungu awabariki wote mliojibu.